Moyo ukisharudi kupiga, kazi ndiyo kwanza huanza

Ndugu msomaji, ikiwa wewe ni mpenzi wa kandanda bila shaka unaikumbuka jioni ya Juni 12, 2021. Denmark walikuwa wakicheza na Finland mjini Copenhagen katika fainali za Kombe la Ulaya. Dakika chache kabla ya mapumziko, Christian Eriksen alisogea kupokea mpira wa kurusha karibu na mstari, akaanguka kifudifudi bila ya kuguswa na mtu. Moyo wake ulikuwa umesimama. Wenzake walimzunguka kumsitiri na macho ya watu, matabibu wakamkandamiza kifua na kumshtua kwa umeme, na moyo ukarudi kupiga. Alitolewa uwanjani akiwa na fahamu zake.

Watu walimshukuru Mungu, na ilistahili. Kisha tukazima televisheni. Ni wachache waliojiuliza mtu yule alilalaje katika mwezi uliofuata, au mama watoto wake, aliyeteremka hadi uwanjani akilia, alilalaje.

Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo, na nataka tulizungumze tukiwa na visiwa vya Lamu mbele ya macho yetu, si Copenhagen. Nchini mwetu mtu ambaye moyo wake ulisimama ukarudishwa huhesabiwa kuwa amepona siku anapotoka hospitalini. Hesabu hiyo si sahihi. Siku hiyo ndipo unapoanza ugonjwa wa pili, nao ni ugonjwa wa nyumbani: wa kusahau, wa kuchoka na wa hofu. Kwa mtu wa Nairobi, aliye karibu na mabingwa, ni tabu. Kwa mtu wa Faza, Siyu au Kizingitini ni kuachwa peke yake. Nami nashikilia kwamba sehemu kubwa ya msaada anaouhitaji mtu huyo haitaki mashine wala jengo jipya.

Mambo mawili yanayochanganywa

Kwanza tuelewane kwa maneno, maana hata watu waliosoma huyachanganya. Mshtuko wa moyo ni pale mshipa unaoulisha moyo unapoziba, na sehemu ya msuli wa moyo ikakosa damu. Mgonjwa hushika kifua, hutoka jasho, hutapika, lakini mara nyingi huzungumza na hata kutembea. Moyo kusimama ghafla ni jambo jingine. Umeme unaouongoza moyo huvurugika, moyo ukabaki ukitetemeka tu au ukatulia kabisa, na damu haiendi popote. Mtu huanguka papo hapo, ukimwita haitiki, na pumzi zake hukatika au huja moja moja kwa kukoroma.

Jambo la kwanza laweza kuleta la pili, na kwa watu wazima ndiyo sababu kubwa. Lakini zipo sababu nyingine: msuli wa moyo ulionenepa kwa kurithi, hitilafu za umeme za kuzaliwa nazo, vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, kupigwa na nguvu za umeme, kuzama majini, kutokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, na dawa za kulevya aina ya heroini, ambazo huzima pumzi kwanza na moyo ukafuata.

Kila dakika inayopita bila ya kifua kukandamizwa na moyo kushtuliwa, nafasi ya mtu kuishi hupungua kwa asilimia 7 hadi 10. Hata katika nchi tajiri, zenye magari ya wagonjwa kila pembe, kati ya watu 10 ambao mioyo yao husimama nje ya hospitali ni kama mmoja tu anayerudi nyumbani hai.

Sasa ipeleke hesabu hiyo Lamu. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 143,920 katika kaunti hiyo, nao wametawanyika bara na visiwani. Katika mji wa Lamu wenyewe vichochoro ni vya watu na punda, na mgonjwa hubebwa kwa machela. Kisiwani Pate lazima upande boti, na boti hizo hupita mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara, maji yakiwa yamejaa. Maji yakipwa, unangoja au unazungukia bahari kuu. Sitakudanganya, msomaji: anayeanguka Kizingitini usiku maji yakiwa yamekupwa kwa kawaida hafiki kokote.

Basi ni nani anayerudi Lamu akiwa hai baada ya moyo wake kusimama? Ni yule ambaye ulisimama akiwa tayari kitandani hospitalini. Ni mzazi aliyepoteza damu akarudishwa na wakunga na madaktari. Ni mwana wa Lamu aliyekuwa Mombasa, Nairobi au kazini katika nchi za Ghuba. Na ni yule aliyetolewa majini na wenzake waliojua la kufanya.

Nikigusia bahari, niseme jambo hili kabla sijalisahau. Aliyezama hakosi moyo kwanza, hukosa pumzi. Usimning'inize kichwa chini, wala usimkamue tumbo kumtoa maji. Mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi 5 mdomoni ukiwa umemziba pua, kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30, pumzi 2, na urudie hivyo hadi msaada ufike. Katika jamii inayoishi kwa uvuvi na ambayo watoto wake huogelea gatini tangu wadogo, hili lafaa lifundishwe shuleni na madrasa.

Watu wawili, matokeo mawili

Turudi kwa Eriksen, kwa sababu hadithi yake inatufaa ikiwekwa kando ya nyingine. Alipachikwa kifuani kifaa kidogo kinachoutazama moyo saa zote na kuushtua ukivurugika. Klabu yake ya Inter Milan ikashindwa kumtumia kwa kuwa kanuni za Italia hazimruhusu mchezaji mwenye kifaa hicho, na mkataba ukavunjwa Desemba 2021. Alirudi uwanjani Februari 26, 2022 akiwa na Brentford ya Uingereza. Na Juni 16, 2024, katika fainali zile zile za Ulaya, aliifungia Denmark bao dhidi ya Slovenia.

Fabrice Muamba yeye ni mzaliwa wa Kinshasa, aliyefika Uingereza akiwa mtoto wa miaka 11. Machi 17, 2012 alianguka akiichezea Bolton dhidi ya Tottenham jijini London. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila ya kupiga wenyewe. Alikandamizwa kifua na kushtuliwa mara 15 hadi ukarudi. Mwezi mmoja baadaye alitoka hospitalini kwa miguu yake, na Agosti ya mwaka huo, akiwa na miaka 24, alitangaza kwamba hatacheza tena. Baadaye akasoma uandishi wa habari za michezo na kuingia katika ukufunzi.

Wote wawili waliokolewa mbele ya maelfu ya watu na madaktari bora, na wote wawili wako hai. Lakini mmoja alirudia kazi yake na mwingine ilimbidi ajifunze kuwa mtu mwingine. Na hao ni wanamichezo wenye vilabu, mabingwa na fedha. Je, nahodha wa jahazi akirudi kwake Matondoni na akagundua hawezi tena kukumbuka aliyoambiwa asubuhi, ni nani atakayemwambia kwamba hilo lina jina, lina sababu, na mara nyingi lina nafuu?

Ubongo ndio unaolipa

Moyo ni msuli, nao huvumilia. Ubongo hauvumilii. Damu ikikatika kwa dakika chache tu, seli zake huanza kufa, na miongoni mwa za kwanza kudhurika ni zile za sehemu inayohifadhi kumbukumbu mpya. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kukusimulia vizuri kabisa juu ya harusi ya 1985 lakini asijue kama amekunywa dawa yake ya asubuhi.

Uchunguzi uliofanywa katika nchi za Ulaya umeonyesha mara kwa mara kwamba karibu nusu ya walionusurika hubaki na upungufu wa aina fulani katika kumbukumbu, umakini au uwezo wa kupanga mambo. Kwa wengi upungufu huo ni wa kiasi, na hapo ndipo penye hatari. Mgonjwa anatembea, anasalimia, anacheka, anakula. Daktari mwenye haraka humwona mzima. Ni mkewe tu anayejua kwamba ameacha jiko linawaka mara tatu, au kwamba mwalimu wa madrasa aliyekuwa akifundisha bila ya kutazama msahafu sasa hupotea katikati ya aya na kuona haya mbele ya wanafunzi.

Juu ya kusahau kuna uchovu. Usiufananishe na uchovu wa mtu aliyefanya kazi. Mgonjwa huamka amechoka, huoga akachoka, huzungumza nusu saa akahitaji kulala. Kuna pia maumivu ya mbavu, kwa kuwa kifua kilichokandamizwa sawasawa mara nyingi huvunjika mbavu, na maumivu hayo hudumu majuma kadhaa. Mgonjwa ambaye hakuambiwa hivyo kila akichomwa ubavuni hudhani moyo unasimama tena.

Halafu huja hofu na huzuni. Wapo wanaoogopa kulala. Wapo wanaokasirika upesi, waliokuwa wapole. Wapo wanaolia bila sababu. Na katika hili nataka tumtazame pia yule aliyekuwepo. Mgonjwa mwenyewe kwa kawaida hakumbuki kuanguka kwake, lakini mke, mume au mtoto aliyemwona akiwa maiti kisha akamwona amerudi hukumbuka yote. Huyo ndiye anayekaa macho usiku akisikiliza kama pumzi inaingia na kutoka. Wataalamu wanakubali kwamba watu wa nyumbani wanaweza kuumia moyoni sawa na mgonjwa au kumshinda. Hakuna kadi ya kliniki inayoandikwa jina lao.

Habari njema, na ni kubwa, ni kwamba nafuu ipo. Sehemu kubwa ya nafuu ya ubongo hupatikana katika miezi 3 hadi 6 ya mwanzo, na kwa wengine huendelea kidogo kidogo hadi mwaka na zaidi. Wengi wanaotoka hospitalini wakiwa na fahamu nzuri huishi nyumbani kwao wakijitegemea, na wengi hurudia kazi, ingawa mara nyingine kwa saa chache zaidi au kwa kazi nyepesi zaidi. Lakini miezi hiyo 6 ndiyo ile ile ambayo mgonjwa wa visiwani hatazamwi na mtu.

Wageni ishirini kwa siku

Mimi si katika wale wanaoidharau jamii ya visiwani kwa namna inavyouguza. Mgonjwa wa Lamu ana kitu ambacho wa Ulaya wengi hawana, nacho ni watu. Hali peke yake, hakosi wa kumshika mkono, na chakula huletwa na jirani. Mgonjwa wa moyo na ubongo anahitaji hasa hilo.

Hata hivyo kuna mawili matatu ambayo lazima tuambiane. Kumzuru mgonjwa ni jambo jema na ni sunna. Lakini ubongo uliochoka hauwezi kukaa na wageni ishirini kuanzia asubuhi hadi isha, kila mmoja akitaka asimuliwe ilivyokuwa na aliona nini alipokuwa "amekufa". Watu wa nyumbani wasione haya kusema kwamba mgonjwa amelala. Wageni wawili wawili, kwa muda mfupi, katika chumba kisicho na redio, watamfaa zaidi.

La pili ni jina tunaloupa ugonjwa. Mtu akirudi amebadilika, amekuwa mkali, msahaulifu, hapendi baraza, hawachelewi watu kusema kwamba amepagawa, au kwamba kilichorudi si yeye. Wengine husema ni uvivu: moyo si umepona, mbona haendi baharini? Maneno haya yanaumiza, na mara nyingine huishia katika talaka au katika kuuzwa kwa mashua. Kisomo na dua haviwezi kumdhuru mgonjwa, na kwa wengi huwa faraja kubwa. Lakini asiambiwe aache vidonge ili dawa nyingine ipate kufanya kazi. Moyo uliosimama mara moja unaweza kusimama tena, na vidonge vile ndivyo vilivyo mlangoni.

Vidonge hivyo huleta suala la mwezi wa Ramadhani. Wapo wagonjwa ambao wanaweza kufunga, dawa zao zikapangwa daku na futari, na wapo wasiofaa kufunga kabisa, hasa wenye moyo dhaifu na wanaotumia dawa za kutoa maji mwilini. Hilo lisiamuliwe na mgonjwa mwenyewe siku ya mwezi kuandama. Aulizwe daktari majuma kadhaa kabla.

Na suala la tendo la ndoa, ambalo wengi huona haya kuliuliza, hata kwa daktari. Kwa kawaida, baada ya matibabu kukamilika na kwa ridhaa ya daktari, mtu anayeweza kupanda ngazi za ghorofa mbili kwa mwendo wa kawaida bila ya maumivu ya kifua wala kuhema hana sababu ya kuogopa. Watu wa Mji wa Kale wa Lamu wana bahati katika hili. Ngazi za nyumba zao za mawe zingetosha kumpima mwanajeshi.

Karatasi ya hospitali

Mgonjwa anapoachiwa Mombasa au Nairobi hupewa karatasi. Imeandikwa Kiingereza, kwa vifupisho, na chini yake kuna tarehe ya kurudi. Tuseme ni mzee wa Siyu. Ili aifikie tarehe hiyo itambidi apande boti kwa kungojea maji, avuke hadi Mokowe, kisha apande basi kupitia Witu, Garsen na Malindi hadi Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 300 katika barabara ambayo kwa miaka mingi tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 imekuwa ni ya wasiwasi. Atakwenda na mtu wa kumshika, kwa hivyo nauli ni mara mbili. Atalala kwa jamaa. Yote haya kwa ajili ya kuonana na daktari kwa dakika kumi, ambaye atasikiliza moyo, atapima shinikizo la damu na kuandika dawa zile zile.

Safari ya kwanza ataenda. Ya pili ataahirisha. Dawa zikiisha na kifua hakimuumi, ataona amepona. Usimlaumu. Ukimlaumu utakuwa unamlaumu mtu kwa kukaa kisiwani.

Madaktari wenyewe ulimwenguni wamechelewa kuliona jambo hili. Kwa miaka mingi walifundisha kile walichokiita mnyororo wa uhai: kuita msaada, kukandamiza kifua, kushtua moyo, huduma ya hospitali. Ulikomea hapo. Ilikuwa 2020 ndipo Shirika la Moyo la Marekani lilipoongeza pingu ya sita katika mnyororo huo, ya kupata nafuu baada ya hospitali. Mwaka uliofuata, 2021, miongozo ya Ulaya ikapendekeza kwamba kila aliyenusurika aonwe tena ndani ya miezi 3 tangu kutoka hospitalini, aulizwe juu ya kumbukumbu, hofu, huzuni na uchovu, na watu wake wa nyumbani waulizwe pia.

Angalia vizuri, msomaji: aulizwe. Hawakusema apigwe picha ya ubongo. Maswali hayo yanaweza kuulizwa Faza kama yanavyoulizwa Amsterdam. Tangu alipougua, je, amekuwa msahaulifu zaidi? Anaweza kufuatilia mazungumzo ya watu watatu? Analala? Anaogopa nini? Je, wewe unayemuuguza, unalala?

Nani aulize? Watu wapo. Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua mpango wa wahudumu 100,000 wa afya ya jamii nchini kote, na wakapewa mikoba yenye vifaa, vikiwemo vya kupima shinikizo la damu na sukari. Wahudumu hawa wanaijua kila nyumba na wanazungumza Kiamu, Kipate au Kitikuu, jambo ambalo bingwa wa Nairobi haliwezi. Mgonjwa wa aina hii akirudi, mhudumu wa mtaa wake apewe jina lake na karatasi ya Kiswahili yenye maswali hayo, amzuru kila mwezi kwa miezi 6, aangalie vidonge vimebaki vingapi, na akiona jambo amwarifu afisa wa kliniki. Mapitio ya miezi 3 yafanyike katika Hospitali ya King Fahd mjini Lamu, na daktari wa Mombasa azungumze nao kwa simu. Mgonjwa asafirishwe pale tu panapokuwa na haja ya kipimo kisichokuwepo.

Wala haitakuwa ajabu kwa huduma kumfuata mtu baharini. Shirika la Safari Doctors, lililoanzishwa na Umra Omar, mwana wa Lamu ambaye 2016 alitajwa na CNN miongoni mwa mashujaa wake 10, limekuwa tangu 2015 likipeleka wauguzi kwa mashua hadi vijiji vya mbali vya visiwa hivi. Njia imeshaonyeshwa. Kinachokosekana ni kuingiza walionusurika katika orodha ya wanaotembelewa.

Na fedha? Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 1, 2024, na sheria yake ya 2023 imeweka hazina mahususi ya dharura, maradhi sugu na wagonjwa mahututi. Ikiwa hazina hiyo inakusudiwa kulipia kitanda cha chumba cha mahututi, ni busara gani kukataa kulipia nauli ya boti ya muuguzi anayezuia mgonjwa yule yule asirudi katika kitanda kile kile?

"Lakini Lamu kuna shida kubwa zaidi"

Najua yupo msomaji anayesema: Lamu ina upungufu wa madaktari, wanawake wanajifungulia mbali, nawe unatuletea wagonjwa wa kuhesabika kwa vidole. Ni pingamizi la haki. Jibu langu ni kwamba ziara ile ile ya nyumbani na maswali yale yale yatamfaa aliyepata kiharusi, mtoto aliyeponea malaria ya ubongo, mama aliyezimia kwa kupoteza damu, na kijana aliyerudishwa baada ya kuzidiwa na heroini. Wote hao ubongo wao ulikosa hewa au uliumia, na wote hurudishwa nyumbani kwa karatasi moja na tarehe moja. Hao si wa kuhesabika kwa vidole.

Nami nasema wazi: mashua ya wagonjwa huzinduliwa kwa utepe na picha gazetini, na inahitajika, tuipiganie. Ziara ya mhudumu mwenye daftari haina utepe, na ndiyo maana haijafanyika.

Kabla sijaweka kalamu chini, kuna wawili ambao siwezi kuwaacha.

Wa kwanza ni jamaa. Moyo wa kijana ukisimama bila ya sababu inayoonekana, ugonjwa waweza kuwa wa kurithi, na ndugu zake wa tumbo moja na watoto wake wafaa wapimwe umeme wa moyo, kipimo ambacho si ghali wala hakiumi. Katika visiwa ambavyo binamu huoana kizazi hadi kizazi hili lina uzito zaidi. Upo ugonjwa wa nadra ambao mtoto huzaliwa kiziwi, naye huzimia akikimbia au akishtushwa. Ukimjua mtoto wa namna hiyo usingojee azimie tena. Mpeleke apimwe.

Wa pili ni aliyepachikwa kifaa kama kile cha Eriksen. Ni wachache kwa sababu ya bei, lakini wapo nchini. Kifaa hicho hakiuponyi moyo, hungojea tu. Kikimshtua mara moja naye akabaki na nguvu zake, amwarifu daktari. Kikimshtua mara mbili au zaidi siku moja, au akazimia, hiyo ni dharura. Simu ya mkononi asiiweke mfuko wa kifuani, aishike sikio la upande wa pili. Akae mbali na kazi ya kuchomelea vyuma. Betri yake hudumu kwa kawaida miaka 7 hadi 10, na siku ya kubadilishwa ijulikane nyumbani. Asiende baharini peke yake, asizamie kamba wala pweza, na usukani wa boti amwachie mwenzake hadi daktari aseme. Na ile kadi aliyopewa hospitalini, yenye jina la kifaa na tarehe kilipowekwa, itiwe katika mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, iwe naye kila anapopanda chombo, na mwenzake mmoja chomboni ajue iko mfuko gani.